MJUSI AKIGEUZWA CHALI AKATULIA, AMELALA AU YUKO HATARINI?

 

Leo tunaweka pembeni kidogo siasa na bei ya dhahabu. Kuna mdau wa Kahama kauliza swali ambalo mwanzoni nilidhani ni utani. Anasema kaona picha mtandaoni za Wazungu wanaofuga mijusi, wanawalaza chali viganjani au kifuani, na mjusi katulia tuli kama mtoto aliyeshiba. Na kwao wadogo zake wanafanya mchezo huo huo kwa mijusi wa kwenye mawe: wanamkamata, wanamgeuza tumbo juu, wanamkuna kitambi, mjusi "analala". Anayekaa muda mrefu ndiye bingwa. Mdau anauliza: hivi kuna madhara yoyote, au ni mchezo tu?

Swali limenigusa, na mbele kidogo nitasema kwa nini. Nimelifuatilia, na majibu ndiyo haya. Soma taratibu, maana wengi tumekua tunaamini kitu ambacho sicho.

JIBU LA HARAKA KWA WENYE DAKIKA CHACHE ZA MTANDAO

Mjusi mzima mwenye afya akikaa chali kwa muda mfupi sana, kivulini, kwa kawaida hafi. Lakini akiachwa chali muda mrefu, au juani, au baada ya kukimbizwa, au akiwa ameshiba au ana mayai tumboni, anaweza kufa. Na kule kutulia kwake si usingizi wala raha. Mara nyingi ni woga.

Sasa tuingie kwa undani.

TUNAONGELEA MIJUSI GANI?

Wale wa kwenye picha za Wazungu wengi wao ni mjusi mwenye ndevu wa Australia. Wataalamu humwita Pogona vitticeps. Ndevu zenyewe si nywele, ni ngozi ya kidevuni yenye miiba laini. Akikasirika anaivimbisha na inageuka nyeusi. Australia ilishazuia kusafirisha wanyama wake wa porini kibiashara tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hao wanaouzwa Ulaya na Marekani leo ni wa kuzaliwa kwenye mabanda, kizazi baada ya kizazi. Wamezoea kushikwa na watu tangu wadogo. Kumbuka hilo, litatusaidia baadaye.

Huku kwetu huyo hayupo. Lakini ndugu yake yupo, tena wa ukoo mmoja kabisa unaoitwa Agamidae. Ni yule mjusi wa majabali mwenye kichwa na mabega mekundu au ya waridi, halafu mwili wa chini wa buluu. Kila aliyekulia Kanda ya Ziwa anamfahamu. Anakaa juu ya jiwe asubuhi anaota jua, ukimsogelea anapandisha na kushusha kichwa kama anapiga pushapu. Mwenye rangi hizo ni dume. Jike ni wa kahawia, na wengi wanadhani ni mjusi wa aina nyingine. Hata dume mwenyewe usiku, au akiogopa, rangi hufifia akawa wa kahawia.

Huyu ana jina la nyumbani. Mwaka 1923 Mwingereza mmoja aliyefanya kazi Tanganyika, Arthur Loveridge, alimwandika kwenye vitabu vya sayansi na kumwita Agama mwanzae, yaani wa Mwanza. Anapatikana kwenye miamba ya ukanda huu wa Ziwa Victoria, Serengeti, na kuvuka mpaka kuingia Kenya na Rwanda. Miaka ya karibuni picha zake zimezunguka dunia nzima, watu wakisema amevaa nguo za Spider-Man. Ndiyo wadau, Spider-Man wao ni huyu wetu tunayemtupia mawe.

Tusimchanganye na mjusi kafiri, yule mweupe-mweupe wa ukutani anayekula wadudu kwenye taa. Huyo ni wa ukoo mwingine. Lakini mengi nitakayosema hapa kuhusu kulala chali yanamhusu yeye pia.

NDANI YA MWILI WAKE KUNA NINI?

Sisi watu tuna msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ndio ule unaoruka-ruka ukipata kwikwi. Ukivuta pumzi, msuli ule unashuka na mapafu yanajaa hewa. Ukilala chali, msuli ule pia unasaidia kuzuia matumbo yasiyalemee mapafu yako.

Mjusi hana msuli huo. Anavuta pumzi kwa kutanua na kubana mbavu. Mapafu yake yako upande wa juu, karibu na uti wa mgongo, na chini yake ndipo lilipo ini, tumbo la chakula, utumbo, na kwa jike mayai. Akiwa amesimama kawaida, mizigo yote hiyo inaning'inia chini na mapafu yako huru. Ukimgeuza chali, mizigo ile inashuka juu ya mapafu. Ni kama umebeba gunia mgongoni halafu mtu aje akuwekee kifuani na kukwambia upumue.

Mjusi mdogo mwembamba anaweza kuvumilia kidogo. Mkubwa mnene, aliyeshiba, au jike mwenye mayai, anateseka zaidi. Na kuna hatari nyingine: akiwa chali na tumbo limejaa, chakula kinaweza kurudi kooni na kuingia njia ya hewa. Hapo hata ukimgeuza upesi, anaweza kupata maradhi ya mapafu yakamuua siku kadhaa baadaye, wewe ukiwa umeshamsahau.

KUKIMBIZWA NDIKO KUNAKOMMALIZA ZAIDI

Hii ndiyo sehemu iliyonishangaza kuliko zote.

Angalia mjusi anavyokimbia. Mwili unapinda kushoto, kulia, kushoto, kulia. Misuli ya ubavuni inayoupindisha mwili ndiyo hiyo hiyo inayotumika kupumua. Mwaka 1987 mtafiti wa Kimarekani David Carrier aliandika kwamba kwa sababu hiyo mijusi wengi wanapata shida kukimbia na kupumua vizuri kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mjusi hukimbia mbio fupi kali, anasimama ghafla, anahema, kisha anakimbia tena. Tulidhani anasimama ili atuchungulie. Kumbe anatafuta pumzi pia.

Kenge yeye kapata ujanja. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba kenge akitembea anatumia koo kusukuma hewa kwenda kwenye mapafu, kama mtu anayejaza tairi kwa pampu. Ndiyo maana kenge anaweza kwenda umbali mrefu bila kuchoka haraka. Mjusi wa mawe hana ujanja huo.

Sasa fikiria mchezo wetu. Madogo wanne wamemkimbiza mjusi kuzunguka jabali kwa dakika tano. Hawezi tena, anakamatwa. Misuli yake imejaa tindikali, na mnyama wa aina yake anahitaji muda mrefu, mara nyingine saa kadhaa, kuisafisha. Anahitaji hewa kuliko wakati wowote mwingine. Na dakika hiyo hiyo ndipo anapogeuzwa chali na kuwekewa mzigo wote juu ya mapafu.

Kwa hiyo ukilinganisha na yule wa Mzungu, hali si moja kabisa. Yule amechukuliwa kutoka kwenye sanduku lake, hajakimbizwa, amezoea mikono, yuko ndani ya nyumba. Huyu wetu anaamini ameshikwa na mwewe.

MBONA ANATULIA KAMA AMELALA?

Hapa ndipo wengi tunadanganyika.

Umewahi kumchukua kuku ukamlaza ubavu au chali, ukamshikilia kidogo, kisha ukamwachia taratibu? Anabaki pale pale hatikisiki, macho wazi. Mwaka 1646 padri mmoja Mjerumani aliyeishi Roma, Athanasius Kircher, aliandika kuhusu mchezo huo. Alimfunga kuku miguu, akamlaza chini, akachora mstari wa chaki mbele yake, akamfungua, na kuku akabaki palepale. Watu wakadhani ni uchawi wa mstari. Mstari hauna kazi yoyote. Kuku amegandishwa na woga.

Wataalamu wa mifugo mpaka leo wanatumia njia hiyo kupima woga wa kuku. Kuku anayeganda muda mrefu ndiye mwenye woga zaidi. Soma tena hapo. Anayekaa muda mrefu si aliyestarehe, ni aliyeogopa zaidi.

Mjusi ni vivyo hivyo. Mwindaji wengi huvutiwa na kitu kinachotikisika. Mnyama aliyeshikwa na kushindwa kujitoa, silaha yake ya mwisho ni kujifanya mfu, akisubiri mwindaji alegeze meno apate nafasi ya kuchomoka. Ndiyo maana mjusi "aliyelala" hughafilika mara moja akaruka na kutokomea, na sisi tunacheka tukisema kaamka.

Kwa hiyo wale madogo wa Kahama wanaposhindana mjusi wa nani atakaa muda mrefu, bila kujua wanashindana mjusi wa nani ameogopa zaidi.

Nilisema swali limenigusa. Nilipokuwa mdogo Shinyanga, tulikuwa na mchezo huu huu nyuma ya nyumba. Tulikuwa tunawapanga kwenye kipande cha bati. Siku moja mjusi wangu, dume mzuri mwenye kichwa chekundu, alishinda. Wengine wote waliamka wakakimbia, wangu akabaki. Nikatamba. Bibi yangu alipita akauliza, "We mjukuu wangu, huyo mbona kawa mweusi?" Nikamjibu, "Kalala, bibi." Akaniambia, "Haya, mwamshe basi." Sikuweza kumwamsha. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Baada ya kusoma haya, nadhani najua kilichomuua: mbio, chali, na lile bati.

JUA LA SHINYANGA NI KESI NYINGINE

Mjusi hatoi joto lake mwenyewe kama sisi. Joto lake linatoka kwenye jua na jiwe. Asubuhi anaota jua mpaka mwili upate moto wa kutosha kukimbia na kusaga chakula, joto likizidi anaingia kwenye ufa. Siku nzima anahama jua, kivuli, jua, kivuli. Hiyo ndiyo njia yake ya kubaki hai.

Akigeuzwa chali na kuganda, au akifungwa kamba, hawezi tena kuhama. Bati au jiwe la saa saba mchana huku kwetu halikanyagiki kwa mguu mtupu. Mijusi wa aina hii hupenda mwili uwe kwenye nyuzi 35 na kitu hivi. Joto la mwili likipita sana nyuzi 40, yuko kwenye hatari ya kifo. Na kwa mwili mdogo namna ile, kutoka hali ya kawaida mpaka hali ya hatari haichukui muda.

Dalili ya kwanza ni kufungua mdomo na kutweta. Si kwamba anataka kung'ata. Anajaribu kupoza mwili.

Na kitu kingine cha ajabu: mijusi wa ukoo huu wana jicho la tatu. Ni doa dogo utosini. Halioni sura za vitu, lakini linahisi mwanga, na linamsaidia kujua muda wa kuota jua umetosha. Akiwa chali, utosi umegandamizwa chini.

NA KOBE JE?

Swali hili limeletwa na mdau wa Geita, na ni zuri kwa sababu kobe ndiye anayegeuzwa chali kuliko mnyama yeyote.

Kobe ana hatari kubwa zaidi. Mapafu yake yamebandikwa juu, chini ya gamba la mgongo, na gamba halitanuki. Akiwa chali, viungo vyote vya ndani vinayalemea. Kobe mkubwa mwenye gamba lililobinuka, kama kobe mwenye madoa anayeonekana kwenye mbuga za kwetu, anaweza kuhangaika sana kujigeuza, na sehemu tambarare anaweza kushindwa kabisa. Akiachwa juani namna hiyo anaiva akiwa hai. Ukimkuta barabarani amepinduka, mgeuze taratibu kwa ubavu, umweke upande wa barabara aliokuwa anaelekea, uende zako.

Yupo kobe mmoja wa ajabu, naye ana historia ya huku. Anaitwa kobe-chapati kwa wengine, maana ni bapa na gamba lake ni jepesi linalobonyea. Kwa kitaalamu ni Malacochersus tornieri. Aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1903, kutokana na kobe aliyepatikana Busisi, pale pale unapopita ukitoka Mwanza kwenda Geita, upande wa pili wa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Huyu anaishi kwenye nyufa za mawe, anapanda miamba, na kwa kuwa anaanguka mara nyingi, amejaliwa kujigeuza fasta akipinduka. Hata yeye ujanja huo haujamwokoa na watu. Biashara ya kumuuza nje na kuharibiwa kwa miamba vimemfikisha pabaya: mwaka 2019 aliwekwa kwenye kundi la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka huo huo mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaotolewa porini.

AKIJILAZA CHALI MWENYEWE, MAANA YAKE NINI?

Mjusi mzima wa afya hajilazi chali. Akipinduka kwa bahati mbaya anajigeuza mara moja. Madaktari wa wanyama hutumia jambo hilo kama kipimo: wanamgeuza mnyama waone kama anajirudisha. Akishindwa, wanajua ama dawa ya usingizi imeshika, ama mnyama ana hali mbaya.

Kwa mijusi wa kufugwa, kushindwa kujigeuza huwa na sababu kama hizi:

1. Upungufu wa madini ya chokaa. Mjusi anayefungiwa ndani bila jua hapati vitamini D3 ya kutosha. Mifupa inalainika, miguu inapinda, misuli inatetemeka. Ni ndugu wa matege ya watoto. Na kumweka dirishani nyuma ya kioo hakusaidii sana, kwa sababu kioo huzuia sehemu kubwa ya ile miale anayohitaji.

2. Mayai kukwama kwa jike.

3. Virusi. Kwa mjusi mwenye ndevu kuna virusi vya adeno vinavyoweza kuharibu mishipa ya fahamu, hasa kwa wachanga, akawa anapinda kichwa kuangalia juu na kupinduka.

4. Kukosa maji, joto kuzidi, au kuumia uti wa mgongo.

Kwa hiyo ukimkuta mjusi yuko chali na hukumgeuza wewe, usiseme anapumzika. Ni mgonjwa.

MBONA MADAKTARI WANAWALAZA CHALI?

Ni kweli wanawalaza. Kwa upasuaji wa tumbo hakuna njia nyingine, na hata kwa picha ya eksirei wanaweza kufanya hivyo. Lakini wakati wa upasuaji mnyama anawekewa mpira kooni na kusaidiwa kupumua, kwa sababu wanajua peke yake hawezi vizuri. Hilo lenyewe ni jibu. Kama kulala chali kungekuwa starehe, wasingehangaika kumpulizia hewa.

Na wale Wazungu wenye picha? Baadhi ya mijusi wao wamezoea mikono kweli, na sekunde chache haziwadhuru. Lakini hata huko madaktari wa mijusi wanawashauri wenye nao wasiwaache katika hali hiyo. Picha ni ya sekunde moja. Haikuonyeshi kilichofuata.

UFANYE NINI UKIMKUTA KATIKA HALI HIYO?

1. Mgeuze taratibu kwa kupitia ubavu, miguu irudi chini. Usimrushe, usimvute mkia.

2. Mpeleke kivulini, penye ubaridi wa kawaida. Usimmwagie maji ya baridi ghafla.

3. Usimtie maji wala chakula mdomoni. Mjusi aliyelegea hawezi kumeza, utamzamisha.

4. Mwache peke yake. Kelele na vidole vinaongeza woga. Muda wa kurudi hali yake unaweza kuwa mrefu kuliko unavyodhani.

5. Akipata nguvu, mrudishe kwenye jiwe lile lile alipokamatwa. Mijusi hawa wana mitaa yao. Dume mmoja anatawala jabali lake na majike wake, na ukimtupa jabali la mwenzake atapigwa.

6. Nawa mikono kwa sabuni. Mijusi, kobe na nyoka wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuumwa, wewe ukaharisha vibaya, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Marekani mwaka 1975 ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba chini ya inchi 4 kwa sababu hiyo, maana watoto walikuwa wanawatia mdomoni.

Na kwa wale wanaoua kila mjusi wakisema ana sumu: Tanzania hatuna mjusi mwenye sumu ya kumuua mtu. Dume mkubwa wa mawe anaweza kukung'ata ukimshika, utaumia kidogo, basi. Chakula chake ni wadudu. Ukimuua umejiongezea wadudu mwenyewe.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa wengi wanashtuka. Kwa Tanzania Bara kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kukamata, kufuga au kuuza mnyama wa porini bila leseni au kibali ni kosa, na sheria haisemi tembo na simba tu. Wanaosimamia ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori.

Nasema hivi kwa sababu Spider-Man wetu ana soko nje, na vijana huwa wanaambiwa kuna hela ya haraka. Zamani wapo waliokuwa na vibali vya kusafirisha wanyama hai. Mwaka 2016 serikali ilizuia biashara hiyo. Mwezi Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara waliokuwa wamebaki na wanyama wawatoe, zikapigwa kelele, na ndani ya siku chache likasitishwa. Kwa hiyo mtu akija Katoro au Nyarugusu akakwambia umkusanyie mijusi kwenye ndoo atakulipa kwa kichwa, jua kwamba yeye ataondoka na ndoo na wewe ndiye utakayebaki na kesi.

Na hiyo ndoo yenyewe, wadau, ndiyo mambo yote tuliyoyasoma yakiwa pamoja: wamekimbizwa, wamerundikana wengine chali wengine juu yao, joto, hakuna hewa. Wa chini hawafiki.

KWA KUMALIZIA

Mdau wa Kahama, jibu lako ndilo hilo. Kulala chali si sumu, lakini si mapumziko. Waambie wadogo zako mchezo mzuri zaidi upo: wakae mbali kidogo na jabali asubuhi, watulie wao, wamwangalie dume anavyopiga pushapu na kubadilisha rangi. Atakayekaa muda mrefu bila kutikisika ndiye bingwa.

Kama watabisha, waambie kuna kaka yao mmoja wa Shinyanga aliwahi kushinda ule mchezo mwingine, na bado anamkumbuka bibi yake akimwambia "mwamshe basi".

Nawasilisha.